Usiku wa Saa 15: Kutoka Mombasa hadi New York kwa Afya na Stara

Watu wa mwambao ni watu wa safari tangu jadi. Wazee wetu walizijua pepo mbili kabla ya kuzijua ratiba: kaskazi iliyoyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, na kusi iliyoyarudisha kwao. Safari ya Maskati ilikula wiki kadhaa, na msafiri alirejea na habari za mawimbi, kiu na jua. Lakini taabu zote hizo alizipata akiwa na sitaha ya kutembea, upepo wa bahari wa kuvuta na kamba za kushika. Msafiri wa leo hukata masafa makubwa zaidi kwa usiku mmoja, naye taabu yake ni ya namna nyingine kabisa. Taabu yake ni kukaa.

Siku hizi ni nadra kuipata nyumba ya Mji wa Kale, Majengo au Bondeni isiyokuwa na mtoto ng'ambo. Mmoja yuko London, mwingine Toronto, wa tatu kaolewa Minneapolis. Wazee waliozoea kwenda Makka, safari ya saa chache kutoka Nairobi, sasa huitwa kwenda mbali zaidi ili kumwona mjukuu, kumtazama mgonjwa au kumlea mzazi. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 ipo ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, mwendo wa karibu kilomita 11,800. Kwenda ni takribani saa 15, kurudi ni kama saa 14. Ni safari hiyo tuliyoifanya sisi pamoja na mama yetu, na ndiyo tunayotaka kuwasimulia ndugu zetu wasomaji, hasa akina mama, kwa kuwa mengi tuliyojifunza hayaandikwi kwenye tiketi.

Mama yetu ana umri wa miaka 67. Ana sukari kwa miaka 12, na miezi mitano kabla ya safari alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti la kulia. Dada yetu mdogo alijifungua New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka jiji la New York, mtoto wa kwanza, na hakuwa na mtu wa kumshika isipokuwa mume anayeondoka kazini alfajiri na kurudi usiku. Nyumbani maneno yaligawanyika. Kaka yetu mkubwa alikataa katakata. Alisema mguu wa mama haujapona, na kwamba kumweka mtu wa namna hiyo kitini kwa saa 15 ni kumtafutia maradhi. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamjibu, "Mwanangu, ndugu yako yuko peke yake na kichanga katika nchi ya baridi. Mimi nikae hapa nihesabu arobaini yake kwenye simu?" Hapakuwa na jawabu. Tukakubaliana kwamba tutamfuata daktari, na litakalosemwa na daktari ndilo litakalofuatwa.

Daktari hakusema hapana. Alimpima presha, akamtazama miguu yote miwili, akauliza kama aliwahi kupatwa na damu kuganda, kisha akatueleza jambo ambalo kila familia inayosafirisha mzee yafaa ilijue. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya vigimbi pale mtu anapotembea. Akikaa kitako muda mrefu, magoti yamekunjwa na ukingo wa kiti unabana nyuma ya paja, damu hutuama. Ikituama huweza kuganda ndani ya mishipa ya kina, na donge likikatika na kupanda hadi mapafuni huweza kuua. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2007. Lilieleza kwamba hatari hiyo huongezeka takribani maradufu mtu anaposafiri kwa saa nne au zaidi akiwa amekaa, iwe ni kwa ndege, basi, gari au treni. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, yapata mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini haiwi ndogo kiasi hicho kwa wote. Huongezeka kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, mwanamke aliyejifungua katika wiki chache zilizopita, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, mwenye saratani, mwenye unene uliopindukia, na aliyewahi kuganda damu hapo kabla.

Kwa hiyo alimruhusu kwa masharti. Kwanza, avae soksi za kubana zinazoishia chini ya goti, zenye kipimo kilichochaguliwa na yeye daktari baada ya kuhakikisha kwamba damu inafika vidoleni sawasawa. Mwenye sukari hanunui soksi hizo kwa kubahatisha, kwani zikimbana kupita kiasi zaweza kuudhuru mguu ambao hata hausikii maumivu. Pili, akalie kiti cha kando ya njia, si cha dirishani, maana aketiye dirishani huona haya kuwaamsha wenziwe na matokeo yake hainuki. Tatu, asimeze aspirini kwa kuambiwa na jirani. Nne, tuandikiwe barua inayotaja maradhi yake na dawa zake zote kwa Kiingereza.

Sukari nayo ilikuwa na mpango wake. Insulini haiwekwi katika mzigo unaokwenda chini ya ndege, kwani huko yaweza kuganda kwa baridi na kuharibika, na mzigo wenyewe waweza kupotea. Tuliigawa katika mabegi mawili ya mkononi, pamoja na sindano, kipimo cha sukari, tende na biskuti za akiba. Sheria ya kutobeba kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100 haiwagusi wenye dawa za lazima, mradi waonyeshe barua ya daktari. Jambo lililohitaji akili zaidi ni saa. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi yao, hivyo anayeelekea magharibi siku yake hurefuka. Daktari alituandikia kwenye karatasi lini achome, kiasi gani, na lini aanze kufuata saa ya huko. Hilo kila mgonjwa huandikiwa lake, wala halinakiliwi kutoka kwa mwingine.

Safari ya kukaa huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Ukipanda treni Miritini asubuhi, ukashuka Syokimau mchana, kisha ukangoja uwanjani hadi usiku, umekwisha kukaa siku nzima kabla ya hiyo ndege yenyewe. Sisi tulitangulia kwa siku moja. Tulilala kwa jamaa zetu South C, mama akajinyoosha, akatembea uani, akalala usingizi wa kutosha. Kiti cha magurudumu tulikiomba tangu siku ya kukata tiketi. Huduma hiyo hailipiwi, na wala si aibu. Mzee anayeweza kutembea nyumba hadi msikiti hawezi lazima kusimama saa nzima kwenye foleni ya ukaguzi.

Ndege yetu iliondoka karibu na saa sita za usiku na ilitarajiwa kutua asubuhi ya huko. Tulisali Magharibi na Isha Nairobi, kwa kukusanya na kupunguza, na kwa mpangilio huo tukabakiwa na sala moja tu ya kusaliwa angani, nayo ni Alfajiri. Kabla ya kupanda mama alitawadha, akavaa zile soksi za kubana, na juu yake akavaa khuffu za ngozi alizotoka nazo nyumbani. Msafiri ana ruhusa ya kupaka maji juu ya khuffu siku tatu na nyusiku zake kwa masharti yanayojulikana. Ruhusa hiyo ilimwokoa na tabu ya kuinua mguu wenye goti bovu kwenye kijibeseni cha msalani. Anayetaka kufanya hivyo na amwulize sheikh wake masharti hayo kabla ya kusafiri, asingoje kuulizia angani.

Yafaa kueleza hewa ya ndani ya ndege ikoje. Ndege haijazwi hewa nzito kama ya pwani. Katika ndege nyingi kubwa shinikizo la hewa huweza kushuka hadi kulingana na mahali palipoinuka mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Katika Boeing 787, aina inayotumika katika safari hii, hushushwa hadi karibu mita 1,800 tu, na huo ndio urefu wa Nairobi yenyewe. Kwa maneno mengine, mtu wa Mombasa aliyeko angani katika ndege hiyo anapumua kama aliyeko Nairobi. Mwenye afya hahisi kitu. Mwenye moyo dhaifu, mapafu mabovu au upungufu mkubwa wa damu huhisi, naye hapandi ndege kabla ya kumwona daktari. Kwa shinikizo hilo dogo hewa iliyomo tumboni hutanuka kwa kiasi cha robo hivi. Ndiyo sababu mbaazi, maharage, kabeji na soda, vitamu vilivyo nyumbani, si chakula cha mkesha wa safari.

Hewa hiyo, zaidi ya kuwa nyepesi, ni kavu. Unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, na sisi tuliozaliwa katika jasho la pwani hatukuzoea ukavu wa namna hiyo. Midomo hupasuka, macho huwasha, koo hukauka. Na hapa tunataka kusema na akina mama waziwazi. Wengi wetu hujinyima maji safarini kwa kuogopa msala. Msala wa ndege ni mdogo, sakafu yake ina majimaji, buibui huburura, na foleni ya wanaume na wanawake ni moja. Basi mtu hujizuia kunywa saa 15 nzima, akashuka na kichwa kinachogonga na mkojo wa rangi ya chai. Mwenye sukari au figo dhaifu anayefanya hivyo hujitia hatarini. Tulichofanya sisi ni kuyaondoa yale yanayotutia uzito. Tulivaa madira ya pamba yaliyo mapana na suruali ndani, buibui fupi kidogo isiyogusa chini, na mtandio wa kuvaa bila pini, kwani pini humchoma mtu anapolalia shavu. Tulibeba chupa tupu, tukaijaza baada ya ukaguzi, na kichupa kingine kidogo cha kustanjia. Viatu vyetu vilikuwa vya kufunika na vya kulegezwa, kwa sababu miguu huvimba na ndara za kubana haziingii tena wakati wa kushuka. Na kila mmoja alikuwa na leso zake mbili. Blanketi la ndege ni jepesi, na leso humfaa mtu kwa baridi, kwa mto, kwa pazia la kunyonyeshea na kwa mswala.

Chakula cha Kiislamu huombwa wakati wa kukata tiketi au angalau siku moja kabla, na alama yake katika mashirika ya ndege ni MOML. Mlo wa mwenye sukari una alama yake pia, DBML, na kwa kawaida abiria hupewa mmoja tu, si yote miwili. Tulimchagulia mama mlo wa Kiislamu, naye akaacha kitindamlo na kupunguza wali. Chai na kahawa si haramu kwa afya, ila hazichukui nafasi ya maji, na akinywaye kahawa saa saba za usiku asishangae kukesha.

Kila baada ya saa moja na nusu, akiwa macho, mama aliinuka. Alikwenda hadi nyuma ya ndege, akasimama pale karibu na jiko, akanyanyuka kwa vidole vya miguu mara 20 huku ameshika ukuta, kisha akarudi. Akiwa kitini alizungusha vifundo na kukanyaga visigino na vidole kwa zamu, kama afumaye kwenye kitanda cha mfumi. Mkoba wake tulikuwa tumeuweka juu, usije ukamla nafasi ya miguu. Alipolala tulimwacha alale, lakini hatukumpa dawa ya usingizi, kwani dawa hiyo humfanya mtu alale bila kugeuka na miguu ikasahauliwa.

Saa ya kumi ya safari, tukiwa tayari juu ya Atlantiki, alituamsha. Kigimbi cha mguu ule wa goti kilikuwa kimekaza na kinauma. Kwa muda tulikaa kimya, kila mmoja akiyakumbuka maneno ya kaka yetu. Tuliitazama miguu yote miwili kwa taa ya simu. Haikuwa na tofauti ya unene, ngozi haikuwa nyekundu wala na joto, na pumzi zake zilikuwa sawa. Tukamjulisha mhudumu wa ndege, naye akamwita mwenzake aliyefunzwa huduma ya kwanza. Walimpa maji, wakamsimamisha, wakamtembeza taratibu kwenye njia iliyokuwa tupu kwa wakati huo. Baada ya kama dakika kumi kile kigimbi kililegea. Ulikuwa mkakamao wa misuli, si donge la damu. Mama aliporudi kitini alisema, "Kaka yenu msimwambie mpaka nirudi," nasi tukacheka kwa mara ya kwanza tangu Nairobi.

Saa chache kabla ya kutua, ukingo wa anga ulianza kupauka nyuma yetu. Wakati wa sala angani hautazamwi kwa saa ya Mombasa wala ya New York, bali kwa alfajiri ya pale ndege ilipo, na alfajiri hiyo huonekana dirishani. Ramani ya kwenye kioo cha kiti ilituonyesha kwamba tunaelekea magharibi na Makka iko nyuma yetu. Wahudumu walituruhusu kutumia nafasi ile ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, kwa sala fupi. Mama alisali akiwa ameketi kwa sababu ya goti. Wanazuoni wana maelezo kuhusu asiyeweza kusimama au kuelekea kibla akiwa ndani ya chombo, na kama inampasa kurudia sala yake akifika. Hilo nalo ni la kuulizwa mapema. Na safari ikiangukia Ramadhani, ruhusa ya msafiri na ya mgonjwa ipo, na mwenye sukari asiamue peke yake bila ya daktari na sheikh wake.

Ndege inaposhuka, shinikizo huongezeka na masikio huziba. Mkubwa hutafuna au humeza mate. Mtoto mchanga hupewa ziwa au chupa wakati huo, si kabla, kwani kunyonya ndiko kunakomfungulia masikio. Mwenye mafua makali au maradhi ya sikio ni bora aahirishe. Mjamzito naye aulize mapema. Mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 ya mimba, na kwa kawaida hayampokei mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36. Kuhusu zawadi, Marekani huzuia nyama na matunda mabichi, na chakula chochote hutajwa kwenye forodha. Sambusa za nyama alizozipika shangazi yetu kwa mapenzi zililiwa South C na kumalizika hukohuko.

Mama alimpokea mjukuu wake siku ya 19 ya arobaini. Kwa siku nne za kwanza aliamka saa nane za usiku akidhani kumekucha. Mwili hujirekebisha pole pole, kwa saa moja hivi kila siku, na dawa yake kuu ni mwanga wa jua. Tulimtoa nje kila alasiri, tukamzuia kulala mchana, na usiku tukazima taa. Kurudi mashariki huwa kugumu zaidi kuliko kwenda, kwa hiyo msafiri anayerejea asipange harusi wala hitima siku ya pili yake.

Neno la mwisho ni kwa wale watakaompokea mzee aliyerudi. Hatari ya damu kuganda haiishii uwanja wa ndege. Hubaki kwa wiki kadhaa. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenziwe, ukiuma, ukiwa na joto au wekundu, usikandwe. Kwetu sisi mguu ukiuma tu, mafuta ya moto huwekwa jikoni na mkandaji huitwa. Kwa mguu wa namna hii kukanda kwaweza kulisukuma donge mahali lisipostahili kufika. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari kwamba alisafiri. Na mtu akishikwa na maumivu ya kifua, akakosa pumzi ghafla au kukohoa damu, asingojewe hata saa moja.

Mama amerudi salama, alhamdulillahi, na kaka yetu amekwisha kuambiwa habari ya kigimbi. Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, awafikishe kwa wanao na awarudishe kwa afya na stara. Amin.